Kuufuata mwamba tope wa Marcellus

Kutoka Syracuse hadi kijiji cha Marcellus, jimboni New York, ni mwendo mfupi wa gari. Mwaka 1839 mwanajiolojia James Hall aliupa jina la kijiji hiki mwamba tope mweusi unaochomoza hapa, na leo jina hilo linajulikana kokote inakozungumzwa gesi.

Nilisimama kando ya barabara, penye ukingo uliochongwa. Mwamba umelaliana tabaka kwa tabaka, nyembamba kama kurasa. Nilibandua kipande, kikamong'onyoka kiganjani na kuacha vidole vyeusi. Ukikivunja kingali kipya kinanuka mafuta ya taa. Weusi huo ni mabaki ya viumbe vidogo vya bahari iliyokuwa hapa yapata miaka milioni 390 iliyopita. Vilizama kwenye tope lisilo na oksijeni, vikafukiwa kabla ya kuoza, na joto la ardhini likavigeuza gesi.

Kilichonishika zaidi ni nyufa. Zimenyooka, seti mbili, zinakatana karibu kwa pembe mraba. Wataalamu wanaeleza kwamba gesi yenyewe, ilipokuwa ikizaliwa na kukosa pa kutokea, ndiyo iliyoupasua mwamba kwa shinikizo lake. Sisi wa Dar es Salaam tumezoea gesi ya Songo Songo, iliyomo katika mwamba wa mchanga, ambayo kisima kikiifikia inapanda yenyewe. Katika mwamba tope vitundu ni vidogo mno, gesi haitembei. Ndiyo maana wachimbaji, huko kusini mwamba huu unakozama ardhini, hushuka zaidi ya kilomita moja, kisha hukipinda kisima kikaenda mlalo na kuzikata nyufa zile za asili. Baadaye husukuma maji yenye mchanga na kemikali. Maji yanapasua, mchanga unazuia ufa usijifunge tena.

Nikashika barabara ya 81 kuelekea kusini. Mpakani na Pennsylvania mwamba ni uleule pande zote mbili, lakini New York ilitangaza marufuku ya upasuaji huu wa mwamba kwa maji Desemba 2014, na mwaka 2020 ikaitungia sheria. Ng'ambo, kaunti ya Susquehanna, vilima vya malisho vimekatwa viwanja vya changarawe, na vichwa vya visima vimejipanga humo.

Idara ya jiolojia ya Marekani ilikadiria mwaka 2002 kwamba Marcellus ina futi za ujazo trilioni 2 hivi za gesi inayoweza kutolewa. Mwaka 2011 ikasema trilioni 84. Mwamba haukuongezeka hata chembe, mbinu ndizo zilizobadilika! Nalo jambo hili halisemwi vya kutosha: kisima cha aina hii hutoa kwa wingi mwanzoni, kisha uzalishaji hushuka haraka, hivyo lazima vichimbwe vingine na vingine.

Nilifika hadi Dimock, katika kaunti hiyohiyo ya Susquehanna. Siku ya Mwaka Mpya 2009 kisima cha maji cha mkazi mmoja kililipuka hapa kwa gesi, na majirani wakaanza kulalamikia maji yao. Makubaliano ya kampuni ya gesi kulipia bomba la maji safi kwa ajili yao yalipatikana Novemba 2022.