Siku moja maishani mwangu: bruda, panga na visiki vya Dodoma

Saa 11:00 alfajiri kengele inalia. Ni Septemba, baridi bado inauma, na upepo umeshaingiza vumbi chini ya mlango wa kikanisa chetu. Navaa kanzu ya kahawia, nafunga kamba yenye mafundo matatu: utii, ufukara, usafi wa moyo. Masifu ya Asubuhi, tafakari, Misa. Maji tuliyoogea tumeyakinga kwenye mabeseni, na kabla ya uji nayapeleka kwenye mipapai nyuma ya jiko.

Saa 2:00 niko shambani kwa mama mmoja mjane, mwendo wa nusu saa kwa miguu.

"Mbukwenyi!"

"Mbukwenyi, Bruda. Nimekutunzia kile kikubwa, sijakigusa."

Anasema kisiki. Kwa miaka mingi huku nimeona miche ikipandwa kwa hotuba na vigelegele, kisha wageni wakapanda magari yao. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili, na mche wenye mizizi mifupi haufiki Oktoba. Lakini chini ya shamba hilohilo imelala mizizi ya migunga iliyokatwa zamani, mizizi iliyokwisha kuyafikia maji. Kila mwaka inachipua, kila mwaka jembe na mbuzi vinaikatisha tamaa. Kuitunza ichipue hadi iwe miti tena ndiko tunakoita kisiki hai. Tony Rinaudo wa Australia alianza kuieneza kazi ya namna hii kule Niger mwaka 1983, na leo wakulima wengi wa Dodoma wanaijua.

Kisiki cha mama kina machipukizi 14. Tunachuchumaa wote wawili tukiyakagua, maana hapa haraka inaharibu. Anachagua matatu, manene na yaliyonyooka, yasiyosongamana. Mengine nayaondoa kwa panga kali, nikikata kutoka chini kwenda juu ili gome lisichanike. Yale matatu nayapogolea matawi ya pembeni hadi nusu ya urefu. Utomvu unaninata vidoleni, na mwiba mmoja umenichoma kiganjani. Mama anafunga kitambaa chekundu cha khanga yake ya zamani, mchungaji akipita ajue mti huu una mwenyewe. Matawi tuliyokata anayafunga mzigo: kuni za siku tatu, na hakuna mti ulioangushwa.

Tomaso wa Celano, aliyeandika habari za Mtakatifu Fransisko wa Assisi, baba wa shirika letu, katika karne ya 13, anasimulia kwamba mtakatifu aliwakataza ndugu waliokwenda kutema kuni wasikate mti wote, ili ubakiwe na tumaini la kuchipua tena. Nilipokuwa mnovisi, mwanafunzi wa utawa, nilisoma maneno hayo nikapita. Niliyaelewa nikiwa nimepiga magoti mbele ya kisiki kama hiki.

Saa 6:00 tunasali Malaika wa Bwana chini ya mbuyu, halafu ugali wa mtama na mlenda.

Saa 8:00 napita kwenye shamba tulilohudumia miaka minne iliyopita. Migunga mitano iliyokuwa imenipita kimo imekatwa, na vitambaa viko chini. Kando kuna tanuri la mkaa bado linafuka, na kijana amekaa karibu nalo. Nilimjia juu. Nilisema maneno ambayo kanzu hii haistahili kuyasikia. Alininyamazia hadi nilipomaliza.

"Bruda, shikamoo. Mtoto wangu anaumwa. Ningeuza nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikaa chini. Nilimuuliza hali ya mtoto, tukazungumza muda mrefu. Alinionyesha mwenyewe kwamba visiki havikung'olewa, na mizizi iko hai.

Saa 12:00 jioni, Masifu. Leo tumemalizia kwa Wimbo wa Viumbe, ule ambao Papa Fransisko alifungulia waraka wake wa mwaka 2015 juu ya utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja. Mtakatifu Fransisko aliutunga mwaka 1225 akiwa mgonjwa, macho yamekaribia kupofuka, akamsifu Mungu kwa jua, maji, na ardhi aliyoiita dada na mama yetu. Baadaye, askofu na mtawala wa Assisi walipogombana, aliongeza ubeti wa kumsifu Bwana kwa ajili ya wale wanaosameheana kwa upendo wake. Usiku huu ubeti huo ulinishika kooni. Katika wimbo mmoja na jua na upepo, yumo mtu aliyekosewa na mtu aliyekosa, na mchana mimi nilikuwa wote wawili.

Saa 3:00 usiku, baada ya sala ya mwisho, niko stoo na jiwe la kunolea. Panga langu nimekwisha kulinoa. Sasa nanoa la pili, kwa sababu kijana amesema atanikuta kesho asubuhi saa 2:00 palepale penye tanuri, tuchague machipukizi pamoja.