Siku moja maishani mwangu: maua ya kinamasi yanayofanana

Saa moja na nusu asubuhi, Museum Hill. Hebaria ya Afrika Mashariki, hifadhi ya mimea iliyokaushwa, ile iliyohamishwa hapa Nairobi kutoka Amani, Tanzania, mwaka 1950, bado kimya. Chupa zilizofika kwa basi la usiku kutoka pwani ndizo hushughulikiwa kwanza. Ndani mna Utricularia, mimea ya majini isiyo na mizizi inayonasa vijidudu kwa vibofu vya milimita chache. Ukiitoa majini kwa mkono hujibana kama uzi uliolowa, na hapo hutaifumua tena.

Kwa hiyo: trei pana ya maji, karatasi nene chini ya mmea, brashi laini ya kuutandaza, kisha karatasi inuliwe taratibu kutoka upande mmoja. Maua mawili matatu hutengwa mapema kwenye alkoholi ya asilimia 70, kwa kuwa ua hili likishabanwa kwenye presi (chombo cha kubania mimea ikauke) hubaki utando usiosomeka. Rangi iandikwe kabla ya kulitumbukiza, maana alkoholi itaifuta.

Saa tatu, hadubini. Wanaosumbua ni spishi mbili za Utricularia, U. stellaris na U. inflexa. Wote wawili hubeba duara la maboya, yaani vielea vya mmea, kwenye kikonyo cha maua. Anayeanza hukimbilia rangi: stellaris ni wa njano, inflexa huwa mweupe wenye mistari ya zambarau. Bahati mbaya wapo inflexa wa njanonjano, na hapo rangi imekwisha kazi. Tazama maboya yenyewe. Ya stellaris ni mafupi, mviringo wa yai. Ya inflexa ni marefu, yamechongoka ncha zote mbili.

Kosa kubwa hutokea ziwani, si maabara. Maboya hujitokeza pamoja na kikonyo cha maua, hivyo mmea uliovunwa kabla ya kuchanua hauna hata moja, na mtu huuandika U. gibba, ambayo haina maboya kamwe. Au mkusanyaji hukata ua juu na kuyaacha maboya majini. Pasipo ua wala tunda, lebo iandikwe «Utricularia sp.», yaani spishi haijatambuliwa, na ibaki hivyo. Ni afadhali jina pungufu kuliko jina la uongo, ambalo wengine watalinakili kwa miaka. Kukiwa na tunda kuna tumaini: mbegu ya gibba ni bapa na ina ubawa mpana kuizunguka.

Saa sita ni githeri na chai.

Saa saba huja picha za simu za watu wanaouliza majina, nyingi za yungiyungi, na karibu zote zimepigwa kutoka juu. Ua ni zuri, jani halionekani. Jibu huwa lile lile: tuma ukingo wa jani. Nymphaea lotus ana meno makali ukingoni, na ua lake jeupe hufunguka usiku. N. nouchali ana ukingo laini au wa mawimbi, na ua, la buluu mara nyingi, hufunguka mchana. Ukiwa nalo mkononi, angalia stameni: za nouchali zina kijincha kilichozidi juu ya chavulio (kifuko cha chavua), za lotus hazina.

Saa nane ni zamu ya okidi kavu za vinamasi vya nyanda za juu. Ua moja huchukuliwa katikati ya shuke, kwa sababu ya chini yamechakaa na ya juu bado ni matumba. Litie maji ya moto yenye tone la sabuni ya vyombo kwa dakika chache, bila kulichemsha. Kisha tafuta vipembe, vijimrija vinavyochomoza kwenye ua. Viwili kwenye mdomo (petali iliyo tofauti na nyingine), nao mdomo umekaa juu kama kofia: Satyrium. Kimoja, kimetoka kwenye sepali ya mgongoni: Disa. Kimoja, kimetoka chini ya mdomo: Habenaria. Kipembe hukatika kirahisi. Usipokiona, kagua maua mengine kabla ya kusema hakipo. Ukishapata jenasi, pima kipembe na ovari, halafu linganisha na karatasi za mimea zilizomo kabatini. Jina lililoandikwa humo zamani nalo likaguliwe. Uzee wake haulifanyi kuwa ushahidi. Vipande vyote virudi kwenye bahasha ndogo iliyogundishwa kwenye karatasi ile ile.

Saa kumi, lebo: urefu kutoka usawa wa bahari, kina cha maji, rangi, namba ya kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi ya Kenya. Viratibu kamili vya okidi adimu, yaani mahali hasa zilipo, haviwekwi hadharani, maana wezi wanaozichimba nao husoma. Mwishoni, magazeti yanayonyonya maji kwenye presi yabadilishwe, kila siku kwa mimea ya majini, la sivyo ukungu. Kikaushio kibaki karibu nyuzi 45. Ukiongeza moto kuharakisha, petali hugeuka kahawia na kuvunjika. Zilizokwisha kukauka hufungwa kwenye mifuko ya plastiki na kuingia friza ya nyuzi -20 kuua wadudu. Mfuko usifunguliwe kabla haujarudi joto la chumba, kwani umande utatua juu ya karatasi.