Halina upepo

Maneno mawili tu. Leo siku ya sita na bado nayasikia nikipiga mswaki.

Mnalijua lile lori langu dogo la plastiki, la kuunganisha vipande. Ni lile ambalo mwezi wa pili nilibandika kioo chake cha mbele kwa supaglu, mvuke ukapanda, kioo kikawa cheupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Lile lililonifundisha kulaza chesisi juu ya kioo bapa wakati gundi inakauka, maana la kabla yake lilikanyaga chini kwa matairi yote isipokuwa moja, likawa linachechemea hata likiwa limeegeshwa. Kipimo chake ni 1/24. Yaani tela la mita 13.6 linakuwa sentimita 56 na ushei, na ukishalifungia kichwa mbele, meza ya kulia inabaki na nafasi ya sahani moja. Mume wangu sasa anakula akiwa ameshika sahani mkononi na hasemi kitu, jambo ambalo nalo lina maana yake, ila hilo tuliache.

Jumamosi lilikwisha. Rangi nilikuwa nimeipiga mara tatu, na kila mkono ukikauka nalisugua kwa msasa laini wa maji, mpaka taa ya dari ikawa inajiona ubavuni mwa tela. Stika nililowesha moja moja, nikaziteleza kwa brashi, na hakuna hata moja iliyojikunja. Nilikwangua hadi ile ng'aring'ari ya bampa pale gundi inapotakiwa kushika, kwa sababu gundi ya plastiki haishiki juu yake. Inayeyusha plastiki, haiyeyushi mng'ao. Kingpini, ile pini ya chini ya tela, inaingia kwenye sahani yake nyuma ya kichwa bila kulazimishwa. Kwenye lori la kweli ile pini ina kipenyo cha inchi mbili. Kwangu ni milimita mbili na kidogo, na inashika!

Nikambebea Baba.

Hakuligusa. Alivuta kiti, akakaa, halafu akafanya kitu ambacho kwa shingo yake ile si kidogo: akalaza shavu mezani, akafumba jicho moja, akachungulia pale kati ya kichwa na tela. Akakaa hivyo. Mimi nimesimama pembeni nasubiri aseme neno kuhusu rangi.

"Limekwisha?"

"Limekwisha, Baba."

"Sasa hapa litatokaje, mama?"

"Litatokaje kivipi?"

"Halina upepo."

Akajiinua, akauliza nani amehamisha betri za redio, na mazungumzo yakaishia hapo.

Nilijua papo hapo anasema nini, ndiyo maana liliniuma. Mtu aliyelelewa na baba aliyeendesha malori miaka 27 hawezi kujitetea kwamba hajui mipira ya upepo wa breki. Mwekundu ndio unaolisha tela upepo muda wote, wa njano ndio unaopeleka mguu wa dereva kwenye breki za nyuma. Ukichomoa mwekundu tela halibaki huru, linajikamata lenyewe, na utanguruma na gia yako mpaka uchoke. Hili alinieleza nikiwa na miaka minane, kwa kunikamata mkono na kukataa kuuachia mpaka nimpulizie usoni. Na mimi miezi minne nimeinamia lori, nimekata, nimesugua, nimechonga hadi vitasa vya milango, na ule uwazi nyuma ya kichwa nikauacha mtupu. Boksi halikuja na mipira. Maelekezo hayakuitaja. Nami nikafuata maelekezo.

Lakini siyo kosa lenyewe linalonirudia. Ni lile "mama". Kama alilisema, basi alikuwa ananitania, na mtu anayetaniwa na Baba ameshapokelewa. Kama hakulisema, basi ilikuwa hukumu. Nilimpigia mdogo wangu, maana alikuwepo, akaniambia Baba hakusema "mama" hata mara moja, alisema "Sasa hili litatokaje" basi. Nikamwambia hakusikia vizuri. Akaniuliza kama nimekula. Jumanne dada alijifungua salama, mtoto wa kiume, na Jumatano idara yetu iliunganishwa na ile ya ghorofa ya juu nikahamishiwa meza isiyo na dirisha, na katikati ya yote hayo mimi nilikuwa najaribu sauti: hapa litatokaje, mama. Hapa litatokaje. Hata kwenye lifti.

Alhamisi usiku nikapasua waya wa chaja uliokufa.

Ndani yake kuna nyaya nne nyembamba: nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani. Nyekundu nilikuwa nayo tayari. Njano haikuwepo, kwa hiyo nikachukua nyeupe nikaipaka rangi, nikaizungushia kwenye sindano ya kushonea mablanketi, na ilipozunguka mara ya tatu rangi yote ikabanduka kama ganda la yai. Nikaanza upya: zungusha kwanza, paka baadaye. Ukiuchomoa ule waya kwenye sindano polepole, unatoka umejikunja kama ile mipira yenyewe, ya kujivuta na kurudi lori linapokata kona. Kwa hesabu ni mnene mno. Mpira wa milimita 12 kwa kipimo hiki ulitakiwa uwe nusu milimita, wangu ni kama mara mbili yake. Sikujali. Nilitoboa nyuma ya kichwa kwa ncha ya sindano niliyoipasha moto, nikatoboa uso wa tela, nikachovya ncha za waya kwenye gundi, nikaweka. Ilikuwa saa saba usiku na nilikuwa nacheka peke yangu. Kuna ile hali lori linaacha kuwa vipande viwili vilivyosogezwa karibu, unaona kabisa kwamba hiki kinalisha kile. Nililaza shavu mezani, nikafumba jicho moja.

Ni baridi, ile meza. Na ukiwa umelala hivyo rangi huioni kabisa. Unaona chini ya tela, ekseli tatu zimejipanga, springi zake nilizozipaka rangi ya kutu bila kutarajia kwamba kuna mtu atakayeziona. Alikuwa ameziona zote. Alikaa pale muda mrefu kuliko unaohitajika kugundua kwamba mipira miwili haipo.

Asubuhi nikamtumia picha. Baba anajibu kwa herufi kubwa na hajui nukta:

"SAWA ILA MIPIRA INAPISHANA ITASUGUANA NJIANI"

Nikaenda kuangalia. Kweli, inapishana. Vichwa vya kuunganishia vya kwenye tela nilivipaka rangi tela likiwa limepinduliwa, kwa hiyo kushoto kukawa kulia, na mwekundu ukifuata mwekundu mwenzake, na wa njano wa njano, lazima ipandane katikati. Kazi ya dakika kumi kurekebisha.

Njiani, amesema. Nimeisoma ile meseji mara sijui ngapi. Mdogo wangu nimemtumia picha ya skrini bila maelezo, akajibu kwa alama ya kuuliza.

Mipira nitaigeuza kesho, leo mkono hautulii. Nilikuwa nimeshazima taa ndipo nikakumbuka zile karatasi za Jumatano, za kuhamishwa. Zilikuwa mbili. Ya kwanza niliisoma yote. Ya pili nilisaini tu, yule bwana alikuwa amesimama ananingoja na kalamu yake, na nakala yangu nikaitia kwenye droo ya meza yangu ya zamani. Ufunguo wa ile droo nilishaurudisha, na mwenyewe mpya wa ile meza anaanza Jumatatu.