Aliyekaa na Watu

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Wiki hii nimepambana na moyo wa kutaka kuhama. Watu ninaowatumikia ni wazito kuitikia, na nimechoka. Nikamlilia Mungu, naye akanikumbusha mtumishi wake George Leslie Mackay.

Mackay alizaliwa mwaka 1844 huko Zorra, Ontario. Kanisa la Presbiteri la Kanada likamtuma Taiwan, akafika mji wa Tamsui, kaskazini mwa kisiwa hicho, Machi 1872 bila kujua lugha ya wenyeji. Nyumba aliyopanga ilikusudiwa kuwa banda la farasi. Walimu wake wakawa watoto wachungao nyati wa kufugwa! Mwanzoni walimkimbia. Akawarudia, akawaonyesha saa yake, wakamsogelea, wakampapasa mikono na vifungo vya nguo. Basi akawa anashinda nao malishoni, akiokota maneno midomoni mwao. Huyo ni mtu aliyesomea theolojia katika chuo cha Princeton, Marekani.

Watu wa huko waliteswa na meno. Mackay na wanafunzi wake walisimama uwanjani au kwenye ngazi za hekalu, wakaimba, wakang'oa meno, kila jino wakamkabidhi mwenyewe mkononi asije mtu akawashuku, ndipo wakahubiri. Kwa hesabu yake mwenyewe aling'oa zaidi ya meno 21,000. Alioa binti wa huko huko mwaka 1878, akafia Tamsui mwaka 1901.

Watumishi wenzangu, niruhusuni niseme wazi. Sisi tunafunga spika, tunahubiri jioni chache, tunahesabu mikono iliyoinuliwa, gari linaondoka. Nani anabaki? Namjua mama aliyeokoka kwenye mkutano wa namna hiyo. Aliugua muda mrefu, hakuna aliyempigia hodi. Paulo aliwaambia Wathesalonike kwamba aliona furaha kuwapa "si Injili ya Mungu tu, bali na roho zetu pia." Injili tunatoa. Nafsi zetu tunarudi nazo nyumbani! Ndugu yangu, keti nao. Kula ugali wao. Jua mtoto gani ana homa na nani amefukuzwa shule kwa ada. Bwana wetu mwenyewe alikaa kwetu, akachoka kisimani, akalia kaburini kwa Lazaro.

Mimi nimeacha kuomba kuhamishwa. Nanyi wa kamati ya uinjilisti, mkikutana, kabla ya bajeti ya mahema na spika, andikeni kwanza majina ya watakaobaki: nani atamtembelea nani, na siku gani.