Herufi P begani

Katika historia yote ya sheria za maskini za Uingereza, kinachonikera zaidi ni kipande cha kitambaa. Sheria ya mwaka 1697 ilimtaka kila anayepokea msaada wa parokia (eneo la kanisa lililotumika pia kama kitengo cha utawala wa mtaa) ashone herufi P, ya “pauper”, yaani fukara, nyekundu au ya buluu, kwenye bega la mkono wa kulia, pamoja na herufi ya kwanza ya jina la parokia yake. Yaani unakula mkate, lakini kila apitaye ajue umepewa. Agizo hilo lilifutwa mwaka 1810.

Msingi wenyewe, sheria ya 1601, mimi nauheshimu. Kila parokia iliteua waangalizi, wakatoza kodi wenye mali, wakalisha wazee na wagonjwa na kuwatafutia kazi wenye nguvu. Ila ubahili haukukawia: kuanzia 1662, mgeni aliyepanga nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka aliweza kurudishwa kwao, eti asije akawa mzigo.

Sheria mpya ya mwaka 1834 ndipo mambo yakawa machungu hasa. Nyumba za kazi, yaani makazi ambamo maskini walipewa chakula na malazi kwa kufanya kazi, zilikusudiwa ziwe mahali pa kuogopwa. Mume huku, mke kule, watoto kwingine. Katika nyumba ya kazi ya mji wa Andover, mwaka 1845, ilibainika kwamba wanaume waliopewa kazi ya kuponda mifupa ya kutengenezea mbolea walikuwa wakiiguguna kwa njaa. Kashfa hiyo ilichangia kuvunjwa kwa tume iliyosimamia sheria, mwaka 1847. Sheria zenyewe zilidumu hadi 1948.