Citroën na bodi ya chuma, 1919 hadi 1935

Ikitajwa Citroën, kampuni ya magari ya Ufaransa, ya miaka ya 1920, watu hukimbilia Mnara wa Eiffel, uliowashwa taa zenye jina la kampuni kuanzia 1925. Mimi naona siri ya ukuaji wake iko kwenye mashine za kukandamiza mabati.

Vita vilipoisha 1918, André Citroën alibaki na kiwanda kikubwa cha makombora pale Quai de Javel, Paris, na makombora hayatakiwi tena. Mwaka 1919 akatoa Type A: injini ya cc 1,327, nguvu za farasi 18, mwendo wa kilomita 65 kwa saa. Injini ilikuwa ya kawaida tu. Ila Ulaya ya wakati ule mnunuzi alizoea kuchukua fremu yenye injini, kisha atafute fundi wa kumjengea bodi. Citroën akamkabidhi gari kamili, na taa, stata ya umeme na tairi la akiba, likiunganishwa kwa mtindo wa Ford, yaani kwenye mstari unaosogea.

Kikwazo kikawa bodi. Ilikuwa kiunzi cha mbao kilichopigiliwa mabati, kwa hiyo kiwanda kizima kilimsubiri seremala. Akanunua haki za ufundi wa Budd, kampuni ya bodi za chuma ya Marekani, na mwishoni mwa 1924 ikatoka modeli ya B10, bodi chuma kitupu: bati linakandamizwa kwenye kalibu, yaani umbo la chuma linalolipa bati sura yake, vipande vinachomelewa. Kalibu ni ghali mno, na fedha yake hairudi mpaka umbo lilelile litoke kwa maelfu. Ndiyo maana aliuza kwa mkopo na kutangaza kwa nguvu vile.

B10 ikaanza kupasuka. Fremu yake ilikuwa ya B2, modeli iliyoitangulia, inayojipinda kidogo gari likipita mashimo ya barabarani. Bodi ya mbao ilijipinda nayo, ya chuma ikagoma na nyufa zikatokea. B12 ikaja na fremu iliyoimarishwa, na breki za mbele. Kufikia 1929 kiwanda kilitoa magari zaidi ya 100,000 kwa mwaka.

Modeli ya Traction Avant ya 1934 iliondoa fremu kabisa: bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu, injini inaendesha magurudumu ya mbele, breki ni za haidroliki, yaani za kusukumwa na kimiminika. Mhandisi André Lefebvre aliajiriwa Machi 1933. Aprili 1934 gari likazinduliwa. Muda huo ulikuwa mfupi mno kwa mambo mapya mengi hivyo. Giaboksi ya otomatiki ilishindwa dakika za mwisho, ikawekwa ya gia tatu mbele ya injini, na ndiyo sababu mkono wa gia unachomoza kwenye dashibodi. Magari ya mwanzo yakasumbua wateja kwa jointi za shafti za mbele kukatika na bodi kupasuka.

Fedha za kusubiri marekebisho hazikuwepo. Desemba 1934 kampuni ikafilisika, Michelin, kampuni ya matairi iliyoidai fedha nyingi kuliko wadai wote, ikaichukua. André Citroën alifariki Julai 1935; Traction ikarekebishwa, ikaendelea kutengenezwa mpaka 1957.