Makofi ya kilo ni ya Jumapili ya kwanza tu, halafu?

Kuna kitu makanisa yetu ya kijijini tunakiweza sana na kuna kitu kimetushinda kabisa. Mgeni akiingia Jumapili ya kwanza tutamsimamisha, atasema jina na alikotoka, kama ameokoka atasema ameokoka, tutampigia makofi ya kilo, mwinjilisti atamwambia jisikie uko nyumbani, wamama wa kwaya watamchekea, basi. Jumapili ya pili anakaa benchi lile lile peke yake. Ya tatu hayupo na hakuna anayeuliza, labda mtunza hazina maana bahasha yake ya ahadi imebaki pale mezani.

Mi ni mwalimu wa shule ya msingi, mtu wa Tabora, nikapangiwa huku Njombe kwenye kijiji ambacho sikitaji kwa sababu wenyewe wana simu na wanasoma hahaha. Nasali KKKT, yaani kanisa la Kilutheri, mtaa mdogo tu. Kwa wasiojua, usharika mmoja una mitaa kadhaa na mchungaji mmoja na pikipiki yake, kwa hiyo kwetu tunamwona siku za Chakula cha Bwana na ubatizo na misiba mikubwa, Jumapili zingine anayeongoza ni mwinjilisti, mtu ambaye kesho yake utamkuta shambani anapalilia viazi kama wewe. Nasema hivi kwa sababu watu wakianza kulaumu kwamba kanisa halina ukarimu wanamwangalia mchungaji, wakati mchungaji wa watu hata hajapata habari kwamba umefika. Huku ukarimu wa kanisa ni wazee wa kanisa, ni wamama, na ni yule anayekaa karibu na mlango, huyo wa mlangoni ana nguvu kuliko anavyojua.

Na mgeni wa kijijini sio kama wa mjini. Mjini mtu anazunguka makanisa matatu manne anachagua lenye kwaya nzuri na paking, huku unaenda lililopo. Kwa hiyo benchi la wageni kwetu utakuta nesi wa zahanati, mwalimu mpya, bwana shamba, binti aliyeolewa kutoka mkoa mwingine, vijana wa mbao, vibarua wa mashamba ya parachichi ambayo miaka hii yameenea Njombe nzima, na wengi wao sio Walutheri kabisa. Hii ina asili yake. Mwaka 1891 Wamoraviani na wamisionari wa Kilutheri wa Berlin walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa karibu kwa pamoja, wakagawana maeneo, Wamoraviani wakashika upande wa Rungwe, wa Berlin wakaenda mashariki Ukinga mpaka huku Ubena. Kwingine nako vilevile, Dodoma Anglikana, Usukumani AIC (Africa Inland Church), Wakatoliki kila mahali, yaani mpaka leo ukimuuliza mtu kwao wapi umeshakaribia kulijua dhehebu lake. KKKT yenyewe ni makanisa saba yaliyoungana mwaka 1963 na ukihama dayosisi moja kwenda nyingine bado utaona kila watu na kamtindo kao.

Mi mwenyewe Moraviani wa kuzaliwa. Tuni nilikuwa nazijua ila maneno ya ubeti wa pili hayakuwa yale, nikasimama wenzangu wamekaa, watoto wa mbele wakageuka wote kuniangalia na mmoja akacheka mpaka akafinywa na mama yake. Mambo madogo haya, lakini mtu mzima ukishachekwa na mtoto kanisani unatoka hapo unajiona umeingia nyumba ya watu bila hodi.

Halafu kuna Kibena. Ibada ni Kiswahili vizuri kabisa mpaka yafike matangazo, hapo mwinjilisti anateleza taratibu, kaneno kamoja, kengine, mwisho yote Kibena, kanisa zima linacheka mpaka wazee wanashika mbavu na wewe umekaa unatabasamu tu kama picha ya kitambulisho. Sisemi waache lugha yao, hata siku moja, na nyimbo za kwaya za Kibena ndo nzuri kuliko zote, hasa zile wanazoimba wababa kwa sauti za chini. Ila tangazo la kwamba Jumatano jumuiya iko kwa nani, hilo jamani lirudieni kwa Kiswahili, mgeni hawezi kuja mahali ambapo hajui ni wapi.

Mi nilinusurika kwa sababu ya bibi mmoja. Nilifika mwezi wa sita, na anayeijua Njombe mwezi wa sita anajua naongelea nini, mtu wa Tabora nimekuja na visweta vya kuendea sherehe, kanisani sakafu ya saruji na madirisha mengine hayana vioo. Bibi alikaa pembeni yangu, hakuuliza jina wala natoka wapi, akakunjua blanketi alilojifunga akanifunika nusu yake, tukasikiliza mahubiri hivyo hivyo kama kuku. Kwenye matangazo akawa ananinong'oneza wamesema nini. Wala hana cheo huyu bibi, hayupo hata kwenye kamati ya chai.

Sasa niseme lile linaloniuma. Mi nilikaribishwa vizuri baadaye, tena vizuri mno, kwa sababu mwalimu ana mshahara. Ndani ya muda mfupi tu nishakuwa katibu wa mtaa (ukiwa mwalimu kanisa la kijijini utakuwa katibu tu, wanaangalia mwandiko), nikapewa kadi ya mchango wa jengo, nikawa naitwa mbele kwenye harambee, mwalimu tuanzie wewe. Wakati huohuo kuna kijana alikuja kufanya kazi za mbao, anapasua magogo msituni huko, akawa anaingia ibadani na koti lina vumbi la mbao, anakaa nyuma kabisa. Huyo hakupewa hata bahasha! Siku anajitambulisha mzee mmoja akamuuliza mbele ya watu, unakaa muda gani hapa? Yaani kama nyumba ya wageni. Kule kwenye waraka wa Yakobo sura ya pili kuna habari ya mwenye pete ya dhahabu anapewa kiti kizuri na maskini anaambiwa simama pale, na somo hili tunalisoma na mahubiri tunayatoa na amina tunaitikia, halafu nesi akiingia watu wanasogea apate nafasi, kibarua akiingia watu wanasogeza mikoba.

Wenyewe wana hoja yao na sio hoja mbovu. Vibarua wanakuja na kuondoka, wengine walishakopa hela za waumini wakapotea nazo, mabinti wa kijiji wameachiwa mimba na mwenye mimba hana hata namba inayopatikana. Nawaelewa. Ila na watumishi wa serikali nao wanahama, mi barua yangu ya uhamisho inaweza kutoka kesho, mbona kwangu hawakuogopa kunizoea?

Kilichobadilisha kwa yule kijana ni mnada. Ambao hamjawahi kusali huku, ibada ikiisha tunatoka nje, wale waliotoa sadaka ya vitu, kuku, mahindi, mayai, kabichi, ndoo ya viazi, vinanadiwa pale pale na hela inaingia kanisani. Na mnada wa kanisa hauna akili ya biashara, yai moja linaweza kufika bei ya trei, mtu ananunua kabichi anasema mpeni mama mchungaji, mwingine ananunua jogoo anamrudisha anadiwe tena. Jumapili hiyo yule bibi wa blanketi alinunua kifungu cha miwa akasema, cha yule kijana wa nyuma. Watu kimya kidogo. Kijana akaja kuchukua, na yeye akanunua mayai mawili akasema ya bibi. Kanisa likashangilia kuliko yale makofi ya kilo, na toka siku hiyo akawa na jina, wakaanza kumtania, na kwa Wabena ukishaanza kutaniwa ujue umeingia.

Halafu ikaja kujulikana ni fundi. Mabenchi yetu mengine yalikuwa yanakaliwa kwa imani tu hahaha, akayakusanya, akaja na randa na misumari, yakapona. Hapo nikaona wahenga walivyomaliza maneno, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, sisi kanisani tumekomaa na zile siku mbili tu, tunamkarimu mtu mpaka anachoka, anakaa kama mgeni rasmi mwaka mzima hana hata ufagio wa kushika. Mtu anakuwa wa mahali pale akishaulizwa "mbona jana hukuja?", na hawezi kuulizwa kama hakuna kazi iliyokuwa inamsubiri.

Ila jembe lenyewe nalo liwe na kipimo, msifanye kama mlivyonifanya mimi. Kumpa mtu ukatibu hata hajajua choo kiko wapi huko ni kumtumia, na kumpa bahasha kabla hujajua amepanga kwa nani hiyo mi sijui niiteje. Kazi za mwanzo ziwe zile za kufanya na mwenzako, kufagia Jumamosi, kuweka maua madhabahuni, kusoma somo la pili, kushika watoto wa shule ya Jumapili ukiwa msaidizi, kwa sababu watu mnazoeana mikono ikiwa na kazi. Kwenye misiba ndo kabisa. Huku mtu akifiwa wababa wanaenda kuchimba, wamama wanakuja na kuni na unga na ndoo za maji, na mgeni akishakesha hapo anakoroga ugali wa watu mia mbili na akina mama wengine hakuna atakayemuuliza tena anasali wapi.

Jumuiya nayo. Wakatoliki walilishika hili mapema, maaskofu wa AMECEA, yaani umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, mkutano wao wa 1976 waliweka mkazo kwenye jumuiya ndogondogo, kanisa liwe majirani wanaojuana sio umati wa Jumapili, na sisi Walutheri tuna za kwetu, nyumba kwa nyumba. Shida ni kwamba zamu ya kupokea jumuiya inazunguka kwenye nyumba zenye viti. Mgeni amepanga chumba kimoja, kitanda, jiko na ndoo, anaona aibu kusema njooni kwangu na wenyeji wanaona wanamstahi kwa kumruka. Wamstahi nini, wanamwacha nje! Siku jumuiya ilipoenda kwa nesi wetu watu walibeba vigoda vyao, wengine wakakaa kwenye uwanja kwenye mikeka, uji ukapikwa kwa jirani, neno likasomwa, wakajua mtoto wake anaumwa pumu na kwamba usiku anaogopa kulala peke yake, mambo ambayo pale kanisani angekaa miaka bila kumwambia mtu.

Kuna jambo moja bado tunabishana nalo. Mgeni akija na barua ya utambulisho kutoka usharika wake hakuna tatizo. Asiye na barua je? Na wapo wanaoishi na mwenzi bila ndoa ya kanisa, hawa kwa taratibu zetu hawashiriki Meza ya Bwana mpaka watengeneze. Sibishani na utaratibu, mi sio mchungaji. Nachobishana nacho ni mpangilio wa maswali. Mama mmoja alikuja na mtoto mgongoni na swali la kwanza aliloulizwa mlangoni lilikuwa mume wako anasali wapi, la pili ndoa mlifungia wapi, hakurudi. Hayo maswali yana siku yake na mtu wake, mlangoni ulizeni mmelala mmeamkaje, na huyo mtoto anaitwa nani.

Na hili la kujitambulisha mbele tumelilegeza kidogo, mzee wa zamu anaongea na mgeni nje kabla kengele haijapigwa, akitaka kusimama anasimama, asipotaka mzee anasema tu tunaye ndugu yetu kutoka Songea leo, yatosha. Kuna wazee hawakufurahi, wanasema tumepoa kama wa mjini. Makofi bado tunapiga lakini hahaha, hayo hayawezi kufutwa na kikao chochote.

Masika ndo hatuna ujanja, msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, wababa wanapungua, wageni na wenyeji wote, hapo hata blanketi la bibi halisaidii.

Sasa hivi mjadala ulioko ni uchaguzi wa wazee wa kanisa. Kuna waliopendekeza yule fundi wa mabenchi, amekaa sasa, amefunga ndoa hapa hapa, na kuna waliosema mpangaji hawezi kuwa mzee wa kanisa kwa sababu hana shamba kijijini na siku moja ataondoka. Kikao kilichopita mwinjilisti alikiahirisha maana sauti zilishapanda. Kinarudi baada ya mavuno, mi nitakuwepo kama katibu, natakiwa kuandika tu na kunyamaza, ila kura ninayo na nishajua inaenda kwa nani.